Siku Niliyosahau Kumwambia Shangazi Aniachie

Siku hizi binti akichumbiwa, watu wa Sumbawanga husema amevishwa pete. Mimi sikuvishwa kitu. Mimi nilishikishwa. Hilo ndilo neno la nyumbani kwetu, na nalitumia mpaka leo ingawa wanangu hunicheka. Lina neno lake la Kifipa, ambalo bibi yangu alilitamka vizuri sana, lakini nikijaribu kuliandika hapa watatokea Wafipa watatu kunisahihisha kwa namna tatu, na mimi ugomvi wa bure niliuacha zamani. Basi tubaki na kushikishwa.

Sisemi Wafipa wote hufanya hivi. Nasema ukoo wetu, upande wa Mwimbi, ndivyo tulivyofanya na ndivyo tunavyofanya. Uchumba ukishakubaliwa na wazee, kabla hata tangazo la kwanza halijasomwa kanisani, binti na mchumba wake huketishwa mkekani. Shangazi wa binti, yaani dada wa baba yake, humimina ulezi kidogo katika kiganja cha binti. Kijana huweka kiganja chake juu. Kisha shangazi huikumbata mikono hiyo miwili kwa mikono yake, mmoja chini, mmoja juu, na kutulia. Hakuna hotuba. Mnakaa hivyo, ulezi ukiwasha viganja, mpaka nyinyi wawili mseme kwa pamoja, "Shangazi, tuachie." Hapo ndipo anapoachia. Ulezi mnauweka kwenye kibuyu na kuupanda katika shamba lenu la kwanza.

Bibi alilitumia neno hilo kwa mambo mengi kuliko uchumba. Mgonjwa aliyepata wa kumwogesha, alisema ameshikishwa. Binti ambaye kila akigombana na mumewe anajua mlango wa kugonga, ameshikishwa. Kwa sababu kwetu, yule aliyewakumbata mikono ndiye mwenye ndoa yenu. Mkikosana hamwendi kwa wazazi, mnakwenda kwake. Na kuna sharti moja nililolipuuza nikiwa msichana: usipomwambia shangazi akuachie, hesabu yake ni kwamba bado amekushika, na wewe huwezi kumshikisha mtu mwingine mpaka uachiwe.

Mimi sikumwambia.

Sitasingizia ujana. Nilikuwa na miaka ishirini na mbili, na ukali ninao tangu kuzaliwa. Siku hiyo ilikuwa ya mwezi wa sita, upepo wa kwetu ukikata masikio, nasi tumeketi uani kwa kaka yangu. Mchumba wangu alikuwa mtu wa Wampembe, huko chini ziwani, fundi wa injini za boti. Alikuja na shati la mikono mifupi. Alitetemeka mpaka meno yakagongana, na binamu zangu nyuma yangu wakaanza kucheka. Mmoja akasema, "Mvueni tu, ni samaki huyo, baridi ndiyo itamtunza asioze." Damu ikanipanda. Niliuchomoa mkono wangu pale kati, nikageuka kumtafuta aliyesema, na ulezi wote ukamwagika.

Kuku hawakungoja. Kufikia nilipomaliza kumtukana binamu yangu, hapakuwa na punje hata moja chini.

Mama alishika kichwa. Kaka alisema ulezi uletwe mwingine, turudie. Lakini shangazi alikuwa amebaki palepale na mikono yake miwili hewani, mmoja chini, mmoja juu, na kati yake mkono wa mchumba wangu peke yake. Alikuwa mwanamke mfupi, mnene kiasi, mnusa ugoro, asiyependa kurudia jambo.

"Kushikisha hakurudiwi," alisema. "Ameondoka bila kuaga. Shauri lake."

Akapiga chafya, akamwachia mchumba wangu, na tukala.

Harusi ilifungwa. Padre alitushikisha mikono tena mbele ya altare, na nikajiambia kwamba kwa Mungu mambo yangu yako sawa. Lakini nilihesabu. Wenzangu wote walikuwa na kibuyu chao. Mimi ulezi wangu ulikuwa umeliwa na kuku, na kuku wenyewe tuliwachinja siku ya harusi.

Nikaenda kuishi Wampembe. Naomba watu wa huko wanisamehe, maana leo ni ndugu zangu na nawapenda, lakini mwaka ule wa kwanza niliona nimehamishiwa jikoni mwa mtu, ndani ya moto wenyewe. Sisi wa juu tumezoea baridi, sweta, na ardhi inayotaka jembe. Kule ni joto, mchanga, na samaki, dagaa na mgebuka. Mama mkwe wangu alikuwa mtu wa utani. Kila siku alikuwa na jambo jipya kuhusu jinsi ninavyoshika kisu. "Mkwe wangu anamchimba mgebuka kama anapiga tuta," aliwaambia majirani, nao wakacheka, nami nikahesabu hilo pia.

Siku moja niliunguza samaki wa wageni. Mume wangu akacheka pamoja na mama yake. Hakucheka kwa ubaya, leo najua. Siku hiyo sikujua. Nilifunga nguo zangu kwenye kitenge, nikapanda lori la dagaa hadi Namanyere, nikashuka na harufu ambayo hata mimi niliikimbia, nikatafuta gari la Sumbawanga, na kesho yake nikawa Mwimbi. Njia nzima nilikuwa napanga maneno. Nilikuwa na hoja moja kubwa: ndoa yenyewe haikushikishwa, ulezi ulimwagika, basi imekwisha.

Kwa wazazi sikwenda, desturi haikuruhusu. Nilikwenda kwa shangazi.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Jembe liko nyuma ya nyumba."

Hivyo tu. Ulikuwa wakati wa kupiga matuta, yale ya mviringo ambayo sisi hufukia majani ndani yake ili yaoze na kulisha ardhi. Nililima naye siku tatu. Kukata majani, kuyakusanya, kuyafunika udongo, hatua moja, tena. Nilizungumza peke yangu kutwa nzima. Nilimsema mume wangu, mama yake, joto, mgebuka, dagaa, ziwa lenyewe. Shangazi alinusa ugoro wake na kulima. Hakunipinga hata neno, na kutopingwa kulinichosha kuliko jembe. Jioni ya siku ya tatu sikuwa na la kusema, na nilianza, kwa aibu kubwa, kumkumbuka mume wangu anavyopiga mluzi akifungua injini.

Asubuhi ya nne nilimkuta amevaa viatu. Shangazi alikuwa na viatu jozi moja, vyeusi, vya kanisani, na hakuwahi kuvivaa siku ya kazi.

"Twende," alisema.

"Wapi?"

"Kwako."

Nikamwambia sina kwangu kule. Nikamkumbusha ulezi na kuku. Nikamwambia hakuna kilichoshikishwa.

Alinitazama kana kwamba mimi ndiye kuku. "Wewe mtoto, uliniambia nikuachie?"

"Hapana."

"Basi nilikuachia lini?"

Nikafunga nguo zangu, tukaondoka. Yule mwanamke hakuwahi kufika ziwani maishani mwake. Alikuwa haogopi ng'ombe, nyoka wala padre, lakini gari lilipoanza kuteremka ule mteremko wa kwenda Wampembe alifumba macho na kusali rozari yote, kwa sauti, na watu garini wakaanza kumwitikia. Tulifika wote tumetakaswa.

Alikaa wiki mbili. Sijui alimwambia nini mama mkwe wangu, kwa sababu walinifukuza wakizungumza. Nilichokiona ni kwamba siku ya pili shangazi alikuwa ameketi ufukweni na kisu, akifundishwa kupasua mgebuka, na mama mkwe anamcheka, na shangazi anacheka pia. Siku ya tano mama mkwe alinusa ugoro kwa mara ya kwanza na kupiga chafya mpaka akalia. Tangu hapo walikuwa dada. Mimi nilikaa kando nikiwatazama, nikaona kwamba ule utani niliouhesabu kutwa kucha ulikuwa ndio namna ya mama mkwe ya kumkaribisha mtu. Alikuwa ananikaribisha mwaka mzima nami nimefunga mlango.

Kabla ya kuondoka, shangazi alituita mimi na mume wangu, akaichukua mikono yetu na kuikumbata. Bila ulezi. Mume wangu aliniomba radhi, nami nikamwomba. Nilikuwa nalia.

"Shangazi," nikamwambia, "basi leo tukuambie utuachie."

Alifikiri kidogo. "Na huo ulimi wako? Ngoja kwanza."

Akaondoa mikono yake bila sisi kusema lolote, akaenda kuagana na dada yake mpya. Hivyo ndivyo nilivyobaki nimeshikwa kwa miaka thelathini na kitu.

Ikawa mzaha wa ukoo. Tulihamia Sumbawanga mjini, mume wangu akafungua karakana ya injini na mashine za kusaga, watoto watatu wakazaliwa, na kila nilipopandisha sauti kwenye kikao mtu alisema, "Mwacheni, huyo bado hajaachiwa." Mabinti wa kaka yangu walipofikia umri, mimi ndiye niliyepaswa kuwashikisha, ndiyo kazi ya shangazi. Sikuweza. Shangazi wangu mzee aliifanya kazi hiyo badala yangu, wa kwanza, wa pili, wa tatu. Mimi nilipika. Sitaficha, nilifurahi kubaki mtoto. Kuna raha ya ajabu kuwa bibi mwenye mvi halafu pawe na mtu mmoja duniani ambaye, ukimpigia simu kulalamika, anasema, "Jembe liko nyuma ya nyumba."

Mwaka huu zamu ilifika kwa binti wa mwisho wa kaka. Ni muuguzi, mpole, hafanani nami hata kidogo, na mchumba wake ni kijana wa Laela anayenunua mahindi. Lakini mikono ya shangazi imeanza kutetemeka. Chai humwagika kabla haijafika mdomoni. Huwekewa ugoro puani na wajukuu. Punje za ulezi, zilivyo ndogo, mikono ile isingezituliza.

Alinipigia simu mwenyewe. "Njoo na mume wako kabla ya siku yenyewe. Mje mniambie niwaachie. Kisha umshikishe mtoto."

Nikamwambia gari bovu. Wiki iliyofuata nikasema nina mafua. Nikasema karakana ina kazi nyingi, kana kwamba mimi ndiye fundi. Binti wa kaka akapiga, "Shangazi, mbona unanikwepa? Kama humpendi mwenzangu niambie." Nikamwambia kwa ukali kwamba nampenda sana, halafu nikakata simu. Tarehe ilikuwa imepangwa na wazee, watu wa Laela wameshaambiwa, na mtu wa kumshikisha yule mtoto ni mimi tu. Nilijua. Nilikuwa nashindwa kwenda.

Mume wangu ndiye aliyesema. Tulikuwa karakanani, ana bomba la mafuta mkononi, wala hakuinua kichwa.

"Mama watoto, unadhani ukimwambia akuachie atakufa."

Nilimwambia aache upuuzi. Nikamwambia mambo mengine mengi. Kisha nikakaa juu ya injini ya mashine ya mtu na kulia mbele ya wateja wawili, nao kwa adabu yao ya Kifipa wakatazama ukuta. Ni kweli. Hilo ndilo nililokuwa nikiogopa. Wazazi wangu walikwisha kutangulia, mama mkwe naye. Niliona kwamba yule mzee anaishi kwa sababu ya kazi moja aliyobakisha, na kazi hiyo ni mimi.

"Umemfanya akushike miaka yote hii," alisema mume wangu, "na sasa mikono inamuuma."

Kesho yake tulikwenda Mwimbi.

Alikuwa ameketi mlangoni kwenye jua la asubuhi, sweta mbili, blanketi magotini. Miguuni alikuwa na viatu vyeusi. Nilipoviona nikajua kwamba amekuwa akivivaa kila siku akinisubiri.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Gari limepona?"

"Limepona."

"Na mafua?"

Mume wangu akakohoa ili asicheke. Tukaketi mkekani mbele yake. Mjukuu mmoja wa kike akaleta ulezi kwenye bakuli, nikajimiminia mwenyewe kiganjani, na mume wangu akaweka mkono wake juu. Ni mkono mzito sasa, umejaa makovu ya spana na mafuta yasiyotoka. Siku ile ya kwanza ulikuwa mwembamba na wa baridi. Shangazi akaleta mikono yake, mmoja chini, mmoja juu. Ilitetemeka, nasi tukatetemeka nayo, sote watatu, na punje zikawa zinachezacheza katikati, nazisikia moja moja.

Ilibidi tuseme pamoja. Mume wangu alinisubiri. Kuku walikuwa wamekusanyika, maana kuku wa nyumba ile wanajua mambo yetu. Nilimtazama shangazi nikitaka kusema asante kwanza. Asante kwa viatu vile na kwa rozari ya mteremkoni. Asante kwa siku tatu za kutonijibu. Nilikuwa nimezipanga asante zangu njia nzima kama nilivyopanga hoja zangu zamani zile. Haikutoka hata moja.

"Mwanangu," alisema polepole, "nimechoka mikono."

Basi tukasema. "Shangazi, tuachie."

Hakuachia mara moja. Vidole vyake vilikuwa vimejikunja na havikutaka kunyooka. Nilimsaidia kwa mkono wangu wa kushoto, kimoja kimoja, kuanzia kidole cha mwisho. Vilipokwisha akaiweka mikono yake magotini, akavuta pumzi ndefu, akasema, "Haya." Kisha akaomba chai. Punje nne zilianguka na kuku wakazipata. Zilizobaki ziko kwenye kibuyu juu ya kabati langu, zinasubiri mvua.

Jumamosi iliyofuata nilimshikisha binti wa kaka yangu. Watu wa Laela walikuja wengi, wamevaa vizuri, na kijana wao alikuwa na koti, nikashukuru. Mikono yao ilikuwa na jasho ingawa upepo ulikuwa mkali. Niliikumbata. Nilidhani kazi ya shangazi ni kushika tu, kumbe ukishashika mwili wako wote unashuka kwenye viganja vyako. Nilihisi mapigo ya yule mtoto ambaye nilimbeba mgongoni. Nikawaza joto litakalompata, na samaki atakaowaunguza, kwa namna ya kwao huko Laela, na siku atakayogonga mlango wangu na mzigo wake. Nikajikuta nataka ageuke, akasirike, auchomoe mkono wake bila kuaga kama mimi, nibaki naye.

Ni mtoto mwenye adabu. Alimtazama mwenzake, wakasema pamoja, vizuri kabisa, "Shangazi, tuachie."

Nikawaachia. Shangazi wangu, pale kwenye kiti chake, alinitazama na kuitikia kwa kichwa mara moja, kama mtu aliyeona kazi ngumu ikifanywa sawasawa.

Hajafa. Anakula ugali, anawagombeza wajukuu, anaulizia bei ya ugoro mjini. Nakwenda kila Jumamosi kwa basi, na anajifanya kushangaa. "Si nilikuachia? Umekuja kufanya nini?" Namkata kucha, namchemshia maji, nampaka mafuta kwenye vile vidole visivyonyooka. Bibi angekuwepo angesema shangazi ameshikishwa.

Jumamosi iliyopita basi la kurudi lilipofika barabarani nilimpa mkono kumuaga. Sikuuachia wake, naye hakuuvuta. Dereva akapiga honi.

"Nikwambie uniachie?" aliuliza shangazi.

"Ngoja kwanza," nikasema, na basi likaondoka bila mimi.